Tirza, Keziya na Siku ya Upatanisho

Tirza aliishi milimani, penye ukungu na mashamba ya kabichi. Karibu na kwao palikuwa na sinagogi. Humo Wayahudi wa kijiji walikutana kusali.

Keziya naye aliishi kwa kina Tirza. Mama yake Keziya alikuwa dada wa Mama Tirza. Dada huyo alikufa wakati wa mvua.

Asubuhi moja Keziya alimwita Mama Tirza, "Mama."

Tirza akakasirika. "Huyu ni mama yangu," akasema. "Wako amekufa."

Keziya hakulia. Hakucheka. Hakusema neno.

Ikafika Siku ya Upatanisho. Watu wazima wakavaa nguo nyeupe. Hawakula. Hawakunywa hata maji.

"Mama, mbona hunywi chai?" Tirza akauliza.

"Leo tunafunga, mwanangu. Tunajutia makosa yetu. Tunamwomba Mungu atusamehe."

Tirza akainamisha kichwa. "Mimi nilimwambia Keziya mama yake amekufa. Nilimwambia kwa hasira. Nimwombe Mungu?"

Machozi yakamlengalenga Mama. Mama yake Keziya alikuwa dada yake.

"Uliyemuumiza ni Keziya," akasema polepole. "Anza kwake."

Keziya alikuwa ameketi nyuma ya nyumba. Upepo ulivuma, shuu, shuu.

"Keziya, nisamehe."

Keziya hakulia. Hakucheka. Hakusema neno.

Tirza alitaka kukimbia. Hakukimbia. Akaketi kando yake.

Shuu, shuu. Ukungu ukapanda mlima, taratibu, ukaenda zake.

"Tirza," Keziya akasema, "unamkumbuka mama yangu?"

"Namkumbuka. Alikuwa akiimba akimenya viazi. Akinisuka, nilikuwa siumii."

Hapo Keziya akalia. Akalia sana. Tirza naye akalia.

"Nimekusamehe," Keziya akasema. "Lakini bado inauma."

"Pole," Tirza akasema. "Pole sana."

Jioni nyota zikachomoza. Kule sinagogini pembe la kondoo likapulizwa. Puuuu! Puuuuuuu!

Saumu ikaisha. Mama akanywa maji, gu, gu, gu. Kisha akawavuta wasichana wote wawili kifuani, akawashika hivyo kwa muda mrefu.

Wakala. Wakanawa miguu. Wakapanda kitandani.

"Tirza," Keziya akanong'ona. "Sogea hapa. Nasikia baridi."

Tirza akasogea. Wakajifunika blanketi moja, wakalala.