Hodi Kwenye Geti la Mwendokasi

Nyumbani kwa Melkizedeki, huku kwetu Bombo, mlango haufungwi mchana. Lakini ole wako uingie bila hodi! Uwe mkwe, uwe mchungaji, uwe jirani mwenye haraka ya kuomba kiberiti, utapiga hodi na utasubiri. Ukiambiwa karibu, unaingia. Ukipiga mara tatu kimya, ujue wenyewe hawapo. Unageuka, unakwenda zako.

"Kuingia bila kukaribishwa ni tabia ya kuku," husema Melkizedeki. Na kuku wake wanaingia kila siku.

Mwaka huu yeye na mkewe Raheli walishuka mlimani, wakapanda basi pale Same. Walikwenda Dar es Salaam kumwona binti yao, Careen. Raheli alikuwa na hamu nyingine pia. Dada yake, Victoria, anaishi Kigamboni, ng'ambo ya maji. Victoria anaumwa miguu, hawezi tena kusafiri. Hawajaonana tangu wamzike mama yao. Siku zikaenda mbio, na sasa kesho asubuhi ni basi la kurudi Same. Kumwona Victoria ni leo, au basi tena.

Careen alikuwa anawahi kazini. Akawapa wazazi wake kadi, kila mmoja ya kwake.

"Nauli yenu imo humu," alisema. "Nimeweka hela ya kwenda na kurudi, na ya ziada kidogo. Mnapanda basi la mwendokasi hapa Kimara mpaka Kivukoni. Halafu mnavuka maji na pantoni, kwa kadi hii hii. Baba, unaigusisha kwenye mashine, geti linafunguka, unapita. Umenielewa?"

"Mimi mzee wa kanisa nishindwe na mlango?" alijibu Melkizedeki.

Haya. Wakafika kituoni. Raheli alitangulia na kikapu chake cha tangawizi. Akagusisha kadi. Mashine ikalia tii! Geti likafunguka, akapita.

Ikawa zamu ya Melkizedeki. Akavua kofia. Akagusisha kadi. Tii! Geti likafunguka. Melkizedeki akasimama wima, akasubiri. Geti likajifunga. Akagusisha tena. Tii! Likafunguka. Akasubiri. Likajifunga.

"Mzee, pita!" abiria wa nyuma wakapiga kelele.

"Hawajaitikia," Melkizedeki aliwajibu kwa upole.

Akagusisha mara ya tatu. Tii! Hakuna aliyesema karibu. Basi akavaa kofia yake, akageuka.

"Baba Careen! Unakwenda wapi?" Raheli aliita kutoka ndani.

"Nyumbani. Nimepiga hodi mara tatu. Wenyewe hawapo."

"Wenyewe gani? Si mimi hapa niko ndani?"

"Wewe umeingia bila kukaribishwa. Mimi siwezi!"

Jamani! Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Raheli hakucheka. Simu yenye namba ya Victoria ilikuwa mfukoni mwa mumewe, na peke yake hajui hata pa kushukia. "Dada yangu nitamwona lini tena mimi?" alisema, machozi yakimlengalenga.

Kwa bahati, kwenye foleni alikuwepo Nasrin, jirani yake Careen. Huyu ni mfanyabiashara wa vitenge, mzaliwa wa Same mjini. Akamvuta mzee pembeni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hawa watu hawana adabu kabisa."

"Baba, hapa hakuna mtu wa kuitikia. Ile tii ndiyo karibu yenyewe. Ukiisikia, ingia upesi."

"Ndiyo karibu? Fupi hivyo?"

"Fupi hivyo hivyo. Na kila ukigusisha, nauli inakatwa. Bombo mna ndiva?"

Ndiva ni bwawa la kijiji la kumwagilia mashamba. Linajazwa, kisha linafunguliwa kwa zamu.

"Swali gani hilo?" alisema Melkizedeki. "Bila ndiva tungekula nini?"

"Basi hiyo kadi ni ndiva. Careen ameijaza. Wewe umefungulia maji mara tatu, na hujamwagilia hata tuta moja."

Melkizedeki akashika kichwa. Kwetu sisi, mtu anayemwaga maji ya ndiva ovyo hasalimiwi. "Mungu wangu! Mara tatu?"

"Mara tatu. Twende dirishani tukaulize salio. Likipungua, unaongeza kabla ya kwenda getini."

Mhudumu akaisoma kadi. Hela iliyobaki haikutosha kwenda na kurudi. Melkizedeki akatoa noti huku akiguna kama anang'olewa jino, akaongeza salio. Kisha akarudi getini. Akagusisha mara moja tu. Tii! Akaruka ndani kama anafukuzwa na nyuki, karibu amwangushe mkewe.

Ndani ya basi Melkizedeki alikuwa mtu mwingine. Alimwonyesha Raheli maghorofa kama kayajenga yeye. Walipofika Kivukoni waliona meli, wakaliona na kanisa la Azania Front, Raheli akafurahi sana. Kwenye pantoni Melkizedeki aligusisha mara moja, akapita, akageuka kuwafundisha wenzake: "Mara moja! Msimwage maji!"

Huko Kigamboni, mlango wa Victoria ulikuwa wazi. Melkizedeki, sasa mtu wa mjini, hakusimama. Alipitiliza mpaka sebuleni.

"Wee! Nani huyo anaingia kama kuku?" sauti ya Victoria ilitoka chumbani.

Melkizedeki akatoka mbio. Akavua kofia. "Hodi!"

Kimya. Victoria alikuwa anatafuta fimbo yake ya kutembelea.

"Hodi!"

Raheli hakungoja hodi ya tatu. Alimpita mumewe pale mlangoni na kikapu chake, akaingia mpaka chumbani bila kukaribishwa na mtu. Dada na mdogo wake wakakumbatiana, wakalia, wakacheka, wakalia tena.

Nje, Melkizedeki bado amesimama na kofia mkononi.

"Hodi," alisema taratibu.

Raheli alichungulia, akifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Ingia basi, Baba Careen. Au unataka tulie tii?"