Sauti ya Kiwandani

"Lia tena kidogo, Dominika! Hapo hapo, mwanga mzuri!"

"Una wazimu, Thadeus? Uliniahidi utarekodi mahali baba alipoangukia, mama apaone. Siyo machozi yangu uwarushie watu mtandaoni!"

Hivyo ndivyo rafiki yangu alivyogombana na binamu yake ndani ya kiwanda cha kahawa kilichotelekezwa, hapa Moshi. Tangu tuache shule sote wawili, Dominika hajawahi kunidanganya, kwa hiyo naandika kama alivyonisimulia.

Baba yake alikuwa akikoboa kahawa pale. Asubuhi yake ya mwisho alitoka bila kumwamsha Dominika, akaanguka kazini na kufa. Baadaye kiwanda kikafungwa, mitambo ikauzwa kama chuma chakavu. Dominika alibaki na kinyongo kimoja: baba hakumuaga.

Ulikuwa mchana, lakini mle ndani, mbali na taa ya simu ya Thadeus, giza lilikuwa zito. Wakiwa bado wanarushiana maneno, wakasikia kahawa ikimiminika juu yao, shaaa, shaaa, ingawa hapakuwa na mtambo wala punje. Wakakimbia bila kugeuka.

Nyumbani, mtaani Pasua, wakaiangalia video. Miguu yao inasikika ikikimbia, mlango wa bati unagonga, kahawa inaacha kumiminika. Kisha mtu anasema neno.

"Manka ni nani?" Thadeus akauliza.

Jina hilo Dominika alikuwa akiitwa na baba yake tu. Akairudisha video nyuma, akasikiliza tena ile sauti ya pale mlangoni:

"Manka, na wewe unaondoka bila kuaga?"