Unyoya wa Kijani

Inspekta alipofika, bomba la uani lilikuwa bado linamwaga maji, na hakuna aliyekumbuka kulifunga. Mwenye nyumba, mama mjane ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Ndege, alikuwa ameshapelekwa hospitali akiwa hajitambui. Bandani kulikuwa na ndoo iliyopinduka, mtama uliotapakaa sakafuni, na doa la damu kwenye pembe ya birika la saruji. Ndege zaidi ya ishirini walikuwa wamejikunyata vizimbani, kimya kabisa. Kizimba cha mwisho, karibu na dirisha, kilikuwa wazi na kitupu.

"Nani aliyemkuta?" Inspekta aliuliza.

"Mimi." Kijana mrefu alijitokeza, shati lake limelowa damu kifuani. Alikuwa mpwa wa yule mama, wakiishi wawili tu nyumba ile. "Nilitoka zamu ya usiku kiwandani. Kufika hapa saa moja asubuhi nikamkuta shangazi yuko chini. Nikambeba mpaka barabarani kutafuta gari."

"Na kizimba hiki?"

"Cha Nusunusu. Wamemwiba."

Nusunusu alikuwa kasuku mdogo wa kufugwa, wa ukubwa wa kutosha kiganjani. Sebuleni kulikuwa na picha yake ukutani, na Inspekta alipoitazama alidhani kwanza kwamba mpiga picha kaunganisha vipande viwili. Upande wa kushoto ndege alikuwa kijani kibichi, upande wa kulia bluu ya anga. Rangi hizo mbili zilikutana kifuani kwa mstari ulionyooka kama mshono wa fundi hodari. Hata ile ngozi laini juu ya mdomo, penye matundu ya pua, iligawanyika: nusu bluu, nusu kahawia. Kwenye fremu kulichomekwa unyoya mmoja mrefu wa bluu.

"Huo ni wake," mpwa alisema. "Uling'oka mwaka jana, shangazi akauweka kama kito."

"Wapo wengine wa namna hii?"

"Wapi! Mama yake alitaga yai moja tu maishani mwake. Likaanguliwa huyu, na kabla hajaota manyoya vizuri mama akafa."

Mlango wa banda haukuvunjwa. Mtu aliyeingia alijua jinsi ya kuinua komeo. Kabla ya adhuhuri majirani walikuwa wameshamwaga yote: jioni iliyotangulia walimsikia kijana akimfokea shangazi yake kwamba vumbi la manyoya litammaliza kifua, na kwamba yeye amechoka. Msimamizi wa kiwanda naye akasema kijana aliomba ruhusa, akatoka mapema.

"Ulikuwa wapi kati ya kiwandani na nyumbani?" Inspekta alimbana.

Kijana aliinamisha kichwa. "Kuna mahali nilipita."

"Mahali gani?"

"Siwezi kusema, Afande."

"Shangazi yako yuko hoi, wewe una damu kifuani, halafu huwezi kusema?"

Akawekwa ndani.

Inspekta hakuridhika. Alimwita fundi wa kutengeneza vizimba, mtu wa maneno mengi ambaye mara kadhaa alijigamba mbele za watu kwamba ndege yule atakuwa wake, kwa heri au kwa shari.

"Jana usiku ulilala wapi?"

"Kwenu," fundi alisema.

"Kwetu wapi?"

"Hapahapa kituoni, Afande! Vijana wako walinikamata na pikipiki isiyo na taa. Nimeachiwa asubuhi. Muulize huyo koplo wako, ndiye aliyeninyang'anya mkanda."

Koplo alikohoa, akatazama dari. Ikawa fundi ametoka mikono misafi, tena kwa kicheko.

Aliyefuata aliitwa bandani kusaidia. Alikuwa daktari wa wanyama aliyewatibu ndege wa nyumba ile kwa miaka, na Inspekta alimtaka aangalie kama waliobaki wamedhurika. Alikuwa mtu wa sauti ya chini na mikono mitaratibu. Ncha za vidole vyake zilikuwa za manjano.

"Dawa ya vidonda," alisema alipoona anatazamwa. "Kazi yetu haitakati. Mama anaendeleaje?"

"Hajafumbua macho."

"Maskini. Ni mtu wangu wa karibu sana."

Alipomaliza, koplo alimbebea mkoba mpaka garini. Alipoinama kuuweka nyuma, akabaki ameinama. "Afande, njoo uone."

Chini ya kiti palikuwa na unyoya wa kijani, shina lake limeganda damu.

Daktari alicheka kidogo. "Ukilikung'uta gari langu utajaza mto. Lakini sitaki shaka ibaki baina yetu. Chukueni, mkaupime maabara. Mlinganishe na ule wa bluu wa kwenye picha, maana ule hakuna ubishi ni wa Nusunusu. Mtajua kama ni ndege mmoja au la."

Lilikuwa wazo la maana, na kwa uungwana wake Inspekta aliona hata aibu.

Majibu yalikuja kwa simu kesho yake. Mtaalamu wa maabara, mwanamke aliyesoma naye zamani, hakupenda kuzunguka.

"Dada, hawa si ndege mmoja. Wa bluu ni jike, wa kijani ni dume. Ila ni ndugu, baba mmoja, mama mmoja."

"Kwa hiyo unyoya wa garini si wa ndege wangu."

"Vipimo ndivyo vinavyosema."

Inspekta alishusha simu. Mkuu wake, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliinua mikono. "Basi daktari mwache. Kijana ana ugomvi, ana damu, ana uongo. Unangoja nini? Yule mama akifa hii ni kesi ya mauaji. Andaa mashtaka."

Inspekta alivuta karatasi, akaandika mstari mmoja, akasita. Kuna neno lilikuwa limemkwama kama mwiba wa samaki. Ndugu. Ndugu kutoka wapi? Aliondoka mezani bila kuaga, akashuka hadi mahabusu.

Kijana alikuwa amekaa sakafuni, kichwa ukutani.

"Yule mama wa Nusunusu," Inspekta alisema. "Una hakika alitaga yai moja tu?"

"Nimeshakwambia. Nililishika mwenyewe."

"Hakuna kifaranga mwingine, hata aliyekufa?"

"Hakuna."

"Nusunusu mwenyewe, dume au jike?"

Kwa mara ya kwanza kijana alitabasamu. "Hapo ndipo mimi na shangazi hatukuwahi kuelewana. Kwa ndege hawa unaangalia pua. Dume bluu, jike kahawia. Sasa yeye anazo zote mbili. Mimi nasema dume, yeye anasema jike. Kila mtu anamtazama kwa upande wake."

Inspekta akatoa simu palepale, akampigia tena mtaalamu.

"Nikuulize swali la kijinga. Inawezekana ndege wawili wakawa ndani ya mwili mmoja?"

Mtaalamu akajibu, taratibu: "Si swali la kijinga. Hutokea, ingawa kwa nadra. Mapacha wawili wakiwa bado chembe tu, yai halijapata hata ganda, wanaungana. Anazaliwa mnyama mmoja, ila sehemu hii ya mwili ni ya pacha huyu, sehemu ile ni ya pacha yule. Mungu wangu! Dada, ndege wako ana rangi ngapi?"

"Mbili. Zimegawanyika katikati."

"Basi ukipima unyoya wa kushoto na wa kulia, utapata ndugu wawili."

"Dume na jike."

"Ndiyo hivyo. Na mimi nimekulinganishia kushoto kwa kulia! Nani aliyekushauri?"

Inspekta alikuwa ameshaanza kukimbia.

Njiani, koplo akiendesha, alilipanga upya jambo lote kichwani. Mtu yeyote mwenye unyoya wa kijani angesema utafuteni mwingine wa kijani mlinganishe. Daktari alitaja wa bluu. Alijua vipimo vitapishana, na alijua kwa sababu alishajua ndege yule ni wawili.

Zahanati ya wanyama ilikuwa wazi, mbwa mmoja akingojea barazani na mwenyewe. Daktari aliwapokea kwa tabasamu lilelile.

"Afande. Majibu yametoka?"

"Yametoka. Nataka kuona ndege unaowatibu."

"Wana maradhi ya kuambukiza. Ningeshauri..."

"Fungua, Daktari."

Chumba cha nyuma kilinuka dawa. Vizimba sita vilipangwa rafuni, na humo ndani kasuku wadogo wa kijani watupu, wamefanana kama njugu. Daktari alisimama kando, mikono mifukoni. Inspekta alikwenda kizimba hadi kizimba, akiinama, uso karibu na waya. Hakutazama manyoya. Alitazama pua. Bluu. Bluu. Kahawia. Bluu.

Kwenye kizimba cha tano alisimama. Ndege wa humo alikuwa akitetemeka, manyoya ya upande wa kulia yameshikana kama yaliyomwagiwa uji. Juu ya mdomo, ngozi ilikuwa nusu bluu, nusu kahawia.

"Koplo, nipe pamba na maji."

"Usimguse, utamuua!" Sauti ya daktari ilipanda ghafla. Koplo alisogea, akaziba mlango.

Inspekta aliingiza mkono polepole, akamshika ndege, akampangusa kifua. Pamba ilitoka ya manjano. Akapangusa tena. Chini yake, kidogo kidogo, ikajitokeza bluu.

"Bluu ukiipaka manjano unapata kijani," alisema bila kugeuka. "Ile dawa yako ya vidonda. Mikononi inang'ang'ania, ila manyoya hayaikubali sana."

Daktari alikaa kwenye kiti.

"Niliwaonyesha wenzangu picha," alianza. "Kwenye mkutano wa madaktari. Walicheka. Wakasema nimempaka rangi ndege nipate sifa."

"Na wewe ukaja kumpaka."

Alifumba macho. "Nilishapima manyoya yake kwa siri. Nilijua nina nini. Nilitaka kumchunguza mwili mzima, ndani na nje, niwaletee ushahidi."

"Kumchunguza ndani maana yake kumpasua."

"Nilimwomba mama vizuri. Nilimwomba sana! Akasema ndege wake hapasuliwi, yeye akiwa hai au amekufa. Siku ile nilijua mpwa yuko kazini, na yeye mwenyewe nilidhani bado amelala. Nikamkuta amesimama mlangoni na ndoo. Akanishika mkono wenye ndege, ndege akapiga mbawa, manyoya yakang'oka. Nikamsukuma. Sikumpiga, Afande, nilimsukuma tu. Akaangukia birika."

"Alikuwa anapumua?"

Daktari alitazama vidole vyake.

"Wewe ni daktari. Alikuwa anapumua?"

"Ndiyo," alisema kwa sauti isiyosikika vizuri. "Niliinama, nikasikiliza. Alikuwa anapumua."

"Ukamwacha, ukachukua ndege. Halafu ukaacha kijana wa watu alale ndani kwa ajili yako."

Daktari alinyoosha mikono mwenyewe, koplo akamfunga pingu juu ya vidole vile vya manjano.

Alasiri ile mpwa alitolewa. Inspekta alimpeleka hospitali kwa gari lake.

"Sasa niambie," Inspekta alisema. "Ulipita wapi?"

Kijana aligeukia dirishani. "Kutazama chumba cha kupanga. Nilitaka kuhama. Tuligombana, nikasema basi, kila mtu na lake. Halafu nikarudi nikamkuta vile. Ningesemaje mbele ya watu kwamba wakati yeye anaumizwa, mimi nilikuwa natafuta namna ya kumkimbia?"

Wodini, nesi aliwasimamisha mlangoni. Mgonjwa alikuwa amefumbua macho tangu mchana, alisema, lakini hajatamka neno, wasimchoshe. Kijana aliingia kwa kunyata, akasimama kando ya kitanda, mikono imemzidi, hajui aiweke wapi.

Mama Ndege aligeuza kichwa chenye bandeji. Alimtazama mpwa wake kuanzia nywele zilizovurugika hadi lile shati la damu iliyokauka, ambalo hakupata nafasi ya kulibadili. Midomo yake ilihangaika kwanza.

"Umekula wewe?" alimuuliza.

Kijana alipiga magoti sakafuni, akaficha uso kwenye shuka, na mabega yakaanza kutikisika. Inspekta alirudi nyuma hatua moja, akaufunga mlango taratibu.