Sekela Alipomkimbia Mwenyekiti

Asubuhi ile stendi ya Mbeya ilijaa wanaume waliorudi kutoka migodi ya Afrika Kusini, na masanduku yao ya bati na kofia za kujishaua. Katikati yao msichana mwenye gauni la bluu na sweta la kijivu alikuwa akimshika mkono kila mmoja na kumuuliza habari za dada yake. Huyo ndiye Sekela, mshonaji, ambaye hakujua kutulia hata kanisani.

Timotheo, dereva Mhehe wa lori la mpunga wa Ubaruku, aliacha kufunga turubai akasikiliza. Dada huyo, Anyitike, alimfuata mumewe Johannesburg. Sasa alikuwa jela kwa kukataa kipande, kitambulisho ambacho serikali ya kule iliwalazimisha wanawake weusi kutembea nacho.

"Dada, ukiwashika hivyo watadhani unatafuta mume," Timotheo alimtania.

"Ningekuwa natafuta mume, kaka, nisingeanza na hawa waliochoka."

Hapo Mhehe wetu akawa amekwisha. Tangu siku hiyo lori lake halikukosa sababu ya kupita Mbeya. Walikula mahindi ya kuchoma, wakagombana, wakacheka, na kila mara Sekela alirudia lilelile: viongozi wa chama wanaokwenda Umoja wa Mataifa kudai uhuru wawasemee na wanawake wa Afrika Kusini. Timotheo alipomwambia anataka kumuoa, Sekela aliinamisha uso.

"Jibu utaliona," alisema.

Habari zikaja kwamba Bwana Joachim, kiongozi wa chama, angehutubia Iringa kabla ya safari yake ya Umoja wa Mataifa. Timotheo akampakia Sekela kwenye lori, akamwambie mwenyewe. Njia nzima Sekela alifungua dirisha na kulifunga, akirudia maneno atakayomwambia.

Ukumbini walikaa mbele kabisa. Mwenyekiti wa mkutano alipoingia, Timotheo alimnong'oneza kwa fahari kwamba yule ndiye baba yake, Mzee Liberatus. Sekela akajifunika kanga mpaka machoni, akatoka mlango wa nyuma.

Hotuba ilipokwisha, Timotheo alimkuta nyuma ya ukumbi, upepo wa baridi ukimpiga.

"Njia nzima Anyitike, Anyitike, halafu unakimbia? Au baba yangu hakupendezi?"

"Kwetu Unyakyusa mke hakai mbele ya baba mkwe. Hamtazami, wala hasemi akiwepo. Mama yangu mpaka leo akimuona babu njiani huingia migombani."

"Lakini wewe si mke wa…"

"Nilikwambia jibu utaliona."

Timotheo alitaka kumkumbatia, Sekela akamsukuma. Alikuwa analia kwa hasira. "Nimepata mume, na dada yangu nimemtupa. Yule bwana anaondoka, nami nimenyamaza."

Kweli, ndani Bwana Joachim alikwisha kuchukua kofia yake. Timotheo alirudi mbio, akamwinamia baba yake sikioni. Mzee Liberatus hakuwahi kusikia mila ya namna hiyo. Aliuliza tu huyo binti anataka kusema nini, na alipoambiwa, akamwomba mgeni asubiri. Akachukua fimbo yake, akatoka nje, akaenda mbali asikoweza kusikia.

Sekela akaingia.

"Bwana, ukifika kule utaomba uhuru wetu. Mtaje na mwanamke anayefungwa kwa kukataa kipande. Ukimnyamazia huyo, mimi nitajuaje kama uhuru unaotuletea ni wangu pia?"

Bwana Joachim alisema mambo ya nchi za watu ni magumu.

"Dada yangu Anyitike, aliyefungwa kule, ni wa hapa. Amezaliwa Tukuyu."

Yule bwana aliweka kofia mezani. Akasema atamtaja.

Timotheo alimkuta baba yake nje akitetemeka kwa baridi.

"Amesema?"

"Amesema, baba."

"Basi mwambie mkwe wangu, akitaka kusema tena, anipe nafasi nichukue koti kwanza."

Sekela alipofikishiwa salamu hizo alicheka huku machozi yakimtoka, akaingiza mkono wake kwenye wa Timotheo. Kisha akaanza kuuliza Bwana Joachim anarudi lini, maana atakuwepo kumpokea.