Mshipi Shingoni mwa Beberu

Kila asubuhi kabla ya shule Dafrosa alikuwa na kazi mbili: kumpa mdogo wake Heri uji, na kuosha hori la Chausiku. Uji haukuwa na neno. Hori ndilo lililomtia kinyaa.

Jamani, lilikuwa hori gani lile! Chausiku, ng'ombe pekee wa maziwa nyumbani kwao Kabungu, hakuwa na adabu ya kula. Alipuliza pumba kwa pua, akadondosha udenda unaovutika kama mlenda, akaacha mabaki yaloane chini. Yakikaa yalichacha, na yakichacha nzi walikuja na jamaa zao wote. Humo ndimo Dafrosa, binti wa darasa la sita aliyependa kucha safi, alitakiwa kuingiza mkono.

"Aka! Mimi siwezi," akajisemea mvua zilipoanza. Akawa anamwaga pumba mpya juu ya zilizooza, kisha huyo, shuleni.

Tatizo lilikuwa mshipi. Chama cha wafugaji kilimvisha Chausiku mshipi wa shingoni wenye kifaa kidogo kinachohisi taya zake zinavyotembea. Kilijua anapokula na anapocheua, yaani anaporudisha chakula kutoka tumboni na kukitafuna upya. Ng'ombe akipunguza kucheua, mara nyingi ni dalili kwamba anaumwa. Kwa hiyo kila jioni kifaa kilituma taarifa ya mchana kutwa kwenye simu ya mama.

"Dafrosa! Simu inasema Chausiku hacheui vizuri. Hori umeliosha?" mama akauliza jioni moja.

"Nimeliosha, mama. Linang'aa."

Linang'aa! Mtoto huyu hakuwa na haya. Kesho yake mama alipomaliza kukamua na kupanda baiskeli kupeleka maziwa Kashaulili mjini, anakokaa akiuza hadi jioni, Dafrosa akachungulia hori. Uvundo ukampiga usoni. Chini ya pumba palikuwa na ukungu wa kijani, na ndani ya ukungu funza weupe wakijinyonganyonga. Akaziba pua, akakimbilia nyuma ya banda. Hapo akamkuta beberu wao amelala, anacheua zake taratibu, ndevu zikicheza. Wazo bovu likamwingia. Kama simu inataka wa kucheua, si huyu hapa?

Akamvua Chausiku mshipi, akamvisha beberu na kuukaza kwa kamba ya katani. Alipotoka shule, kabla mama hajarudi, akaurudisha kwa Chausiku. Jioni ile simu ilisifu, mama akafurahi, na mchezo ukawa wa kila siku. Maziwa yalipopungua, mama alilaumu mvua.

"Simu inasema mzima," alisema. "Atarudi tu katika hali yake."

Jumamosi asubuhi Chausiku hakuinuka. Alikuwa amelalia kinyesi chake, chepesi kama maji na kinachonuka vibaya mno. Mama akashika kichwa. Chumvi ya nyumba ile, sare za shule na maziwa ya uji wa Heri, vyote vilitegemea kiwele kile. Akampigia simu bwana mifugo, Telesphor, naye akafika na pikipiki yake.

"Shikamoo," Dafrosa akaamkia.

"Marahaba." Bwana Telesphor akaisoma simu ya mama. "Mchana kutwa jana amecheua vizuri. Basi shida haiko tumboni. Itakuwa ndigana hii, ile homa ya kupe, nayo huharisha pia; nimchome sindano ya ndigana."

Akafungua mkoba. Dafrosa akamtazama Chausiku, macho yamezama, anahema kwa shida. Sindano ile haikuwa dawa yake, na aliyejua hivyo ni yeye peke yake.

"Usimchome!" akapiga kelele. "Aliyecheua ni beberu!"

Wote wawili wakamgeukia. Akaeleza yote, akilia. Bwana Telesphor akauvua mshipi, akaunusa, akauondoa puani haraka.

"Pfuu! Beberu mtupu!"

Akaweka sikio ubavuni mwa Chausiku. Tumbo lilikuwa kimya. Akapitisha mrija wa mpira kooni hadi tumboni, na kioevu cha kahawia, kichachu kuliko chochote ulichowahi kunusa, kikatoka na kumwagikia miguu ya Dafrosa. Dafrosa akatapika palepale. Hakuna aliyembembeleza. Bwana Telesphor akamnywesha Chausiku dawa, na mama akamwonyesha binti yake hori kwa kidole.

Sepetu haikufika kwenye pembe za hori, ikabidi atumie mikono. Funza wakampanda vidoleni. Akakwangua huku ameziba pumzi, mpaka ubao ukaonekana, kisha akanawa kwa sabuni tena na tena.

Kesho yake jioni Chausiku alianza kucheua. Mama akaketi kando ya banda, akamwita Dafrosa.

"Mimi niliiuliza simu nikaacha kumtazama ng'ombe. Hilo kosa langu," alisema. "Kile kifaa hakikudanganya, kilisema habari za aliyekivaa. Na kuona kinyaa si kosa, mwanangu, hata mimi naona. Ungesema, 'Mama, pananuka, siwezi,' tungeosha wote. Lakini wewe uliona afadhali Chausiku aule uozo kuliko wewe kuushika."

Dafrosa akakunja mikono ya gauni. Akachukua ndoo, akaenda kuosha hori.