Mivuto Mitatu ya Kamba

"Kamba hiyo itakuua, dada."

Zuena aligeuka. Soko la Bukoba lilikuwa limefurika asubuhi hiyo ya mwaka 1954: mikungu ya ndizi, senene wa kukaanga, kengele za baiskeli. Nyuma yake alisimama kijana mrefu aliyevaa kaptura ya kaki na raba zilizochakaa.

"Wewe ndiye muuzaji?"

"Hapana. Ila kamba nazijua." Aliichukua, akazisokotoa nyuzi kinyume mpaka zikaachana. Ndani mlitoka vumbi la kijivu. "Imeoza. Kwa mbuzi inatosha. Unataka kumfunga nani?"

"Mimi mwenyewe." Zuena alilivuta baibui lake begani. "Nataka kushuka jabali la juu ya Izigo. Kaka yangu Muharami alianguka pale mwaka jana akitafuta asali. Kamba ilikutwa nzima, fundo limefunguliwa kwa mkono. Watu wanasema alijiua, na Baba hataki jina lake litajwe kwenye dua. Nataka nifike pale alipofungulia."

Tabasamu la kijana lilizimika. Aliitwa Mushumbusi, na kazi yake ilikuwa kuwapandishia wapima ramani alama zao kwenye miamba. Aliizungusha ile kamba mbovu mkononi.

"Nitakufundisha," alisema hatimaye.

Kwa miezi miwili, kila Jumamosi, walifanya mazoezi kwenye miamba mifupi ya ufukweni. Zuena alivaa suruali ya marehemu kaka yake, na shangazi yake Siti aliketi pembeni na mwavuli kulinda heshima.

"Usiukumbatie mwamba," Mushumbusi alisema. "Haujakuposa. Simama juu ya miguu."

"Wewe umeshauposa?"

"Umenikataa mara nyingi. Angalia goti."

Shangazi Siti alikohoa chini ya mwavuli.

Mushumbusi alimfundisha Zuena kwamba kati ya mikono miwili na miguu miwili, vitatu vishike na kimoja tu ndicho kihame. Fundo la kiunoni alikague mwenyewe, kisha mwenzake alikague tena. Na mtu akiwa kambani, asiseme neno. Mvuto mmoja: kaa ulipo. Miwili: nipe kamba. Mitatu: nimekushika, njoo.

"Kwa nini tusiitane tu?"

"Pale juu hatuitani. Sauti za pale haziaminiki."

"Basi hii ndiyo simu yetu," Zuena alicheka. Tangu siku hiyo, kila walipoagana, Mushumbusi akiizungusha kamba begani, Zuena aliivuta ncha yake mara tatu. Kijana alitazama ziwani, masikio yakiwaka moto.

Siku ya safari walipitia kwanza Izigo, kwa mama yake Mushumbusi, Mama Celina, ambaye aliwaletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna.

"Kasinge, waitu," Zuena alisalimu akipiga magoti.

"Karibu, mwanangu. Umefanana sana na kaka yako. Siku ile alitafuna kahawa hapo hapo ulipo, kisha wakatoka na huyu Mushumbusi, amembebea kamba."

Buni ilibaki chini ya ulimi wa Zuena, chungu. Walipofika juu ya jabali kwa njia ya mbuzi, alimgeukia Mushumbusi.

"Wewe ndiye uliyemshikia kamba."

"Ndiyo."

"Miezi miwili, Mushumbusi."

"Ungejua, ungekubali nikushikie?"

"Ungeniuliza, ukaniachia nichague." Alifunga fundo kiunoni. "Kague. Sina mwingine."

Alilikagua bila kuinua macho. Kisha alijifunga kwenye mti, akaizungusha kamba mgongoni mwake, akaketi.

Ukungu ulikuwa umepanda kutoka ziwani. Zuena alishuka hatua kwa hatua mpaka miguu yake ikagusa kibaraza cha mwamba. Kila upande palikuwa peupe, kama ardhi imekwisha. Kwenye ufa palikuwa na kibuyu cha Muharami. Alikiinua: kizito, kimejaa asali, mdomo umezibwa vizuri kwa jani la mgomba lililokauka. Alikifunga mgongoni kwa khanga.

"Umefika chini, Zuena," sauti ya Mushumbusi ilisema. "Fungua kamba."

Ilikuwa sauti yake hasa, yenye ule ukwaruzo mdogo. Mkono wa Zuena ulienda kwenye fundo. Ndipo akatambua kuwa sauti ilitoka chini ya miguu yake.

Kamba ikavutwa mara moja. Kaa ulipo.

"Mpenzi," sauti ilisema taratibu, "huniamini?"

Neno hilo Mushumbusi hakuwa amewahi kulitamka, na Zuena alikuwa amelisubiri miezi miwili. Machozi yalimtoka. Vidole vilibaki juu ya fundo.

Kamba ikavutwa tena. Moja. Mbili. Tatu.

Akaupa ukungu mgongo, akaanza kupanda. Vitatu vishike, kimoja kihame. Chini yake sauti ilianza kulia, sasa kwa sauti ya Muharami, na hakutazama.

Juu, Mushumbusi alikuwa amelowa jasho, midomo imebanwa.

"Uliniita?"

Alitikisa kichwa. "Siku ile nami niliisikia. Ilimwambia kaka yako afungue, kwa sauti yangu, na mimi nimenyamaza. Nilipiga kelele asifungue. Atajuaje ipi ni yangu? Ningemwambia nani, Zuena? Ndipo nikaacha maneno, nikatafuta mivuto."

Zuena alimwekea kibuyu mapajani. "Anayetaka kufa hazibi asali ya kupeleka nyumbani. Utakuja nami, tumwambie Baba."

"Nina jingine la kumwambia. Ila mimi ni Mlutheri, na mzee wako..."

"Mwambie la asali kwanza. Hilo jingine likifika, nitakuwa nimekaa karibu yako."

Walishuka kwa njia ya mbuzi wakiwa wameshikana mikono. Nyuma yao, ndani ya ukungu, sauti ya msichana iliita kwa upole: "Mushumbusi, mpenzi, nisubiri."

Mushumbusi akasimama. Ilikuwa sauti ya Zuena.

Kando yake, midomo imefumbwa, Zuena aliuvuta mkono wake mara tatu.