Gari Lililosingiziwa

Gari lilikufa katikati ya njia panda ya Ukunda, mchana wa Ijumaa, wakati ambao hata mbuzi hana pa kupita. Nyuma tuktuk, mbele lori la mchanga, kando wanaume wanatoka msikitini na kanzu zao za pasi. Na ndani ya gari, Mwanarusi binti Mbwana, dera la rangi ya ndimu, mtandio umemteleza mabegani, anazungusha ufunguo na kulibembeleza gari kama mtoto aliyekataa uji.

"Taratibu, tafadhali. Popote pengine, si hapa."

Taratibu ndilo jina la gari. Marehemu babake aliliandika kwa mkono wake, rangi nyekundu, juu ya buti, siku alipolileta nyumbani Bongwe, nje kidogo ya Ukunda. Lilikuwa gari refu la familia, jeupe, lenye nafasi ya ukoo mzima. Sasa mzee hayupo, weupe umegeuka rangi ya chai, na ukoo mzima umejifunza kusukuma. Mwanarusi ndiye aliyeachiwa usukani, maana kazi yake ni kupamba kumbi za arusi, na mito, maua na vitambaa vyote vile angevibeba kichwani?

"Dada, toa mkebe wako njiani!" dereva wa tuktuk akapiga kelele.

"Mkebe ni huo wako! Hili hata likilala limekuzidi gurudumu!"

Watu wakacheka. Hapo akatokea kijana mrefu, amevaa koti jeupe pepepe la wapishi wa hoteli, akainama dirishani.

"Assalaam aleikum. Limekufa au limekasirika?"

"Waaleikum salaam. Limekasirika. Likifa nitakuita tulizike."

"Haya, tia giya ya pili. Mfuko wangu nauweka hapa kitini, nipate mikono miwili. Nikisema achia, uachie klachi."

Akasukuma. Gari likakohoa, likaruka, likatoa moshi mweusi wa hasira, likawaka. Mwanarusi akakanyaga mafuta asiangalie nyuma.

"Simama! Mfuko wangu!"

"Nikisimama litakufa tena! Asante kaka, Mungu akulipe!"

"Simu yangu imo humo! Na chakula changu!"

Lakini Taratibu lilikuwa limeshashika njia ya Bongwe, na yule mpishi amebaki barabarani, koti lake jeupe limepata masizi kutoka kidevuni hadi tumboni.

Simu iliyokuwa mle mfukoni mwa mpishi ikalia Mwanarusi ameshafika kwao.

"Hallo, ni mwizi?"

"Mwizi mwenyewe ndiye wewe, umeniachia mfuko bila kunijulisha jina."

"Luqman. Mpishi, pale hotelini Diani. Nimeazima simu ya mwenzangu nikutafute. Chakula changu kiko salama?"

"Kilikuwa salama. Biriani yako imekosa ndimu."

"Astaghfirullahi! Umekila, na bado unanitia makosa?"

"Njoo Bongwe uchukue mfuko, nikutilie makosa mengine."

Akaja jioni ile ile, na baada ya hapo hakuacha kuja. Hadithi za mapenzi nyingine huanza kwa maua. Hii ilianza kwa kusukuma. Walisukuma Msambweni mbele ya soko. Walisukuma Shimoni, Mwanarusi amevaa viatu vya kisigino kwa sababu walikuwa wamekwenda kula samaki, na Luqman akamwambia akae ndani kama malkia, yeye atatosha. Kila asubuhi simu ililia.

"Roho yangu, limeamka?"

"Mimi nimeamka, alhamdulillahi. Ama unaliuliza gari kwanza?"

"Wewe najua utaamka. Hilo ndilo la kuombewa dua."

Na kila Mwanarusi aliposema, "Luqman, gari limekufa," hakuulizwa limekufa wapi na kwa nini. Aliulizwa uko wapi tu. Kisha angemwona anakuja, mikono ya shati ameikunja. Mwanamke aliyewahi kuachwa anajua uzito wa jambo hilo.

Maana aliwahi kuachwa. Aliolewa Tiwi, na ndoa haikufika mwaka. Mavyaa wake wa kule, mamake mume, alichukua sahani ya wali aliopika mbele ya wageni, akawamwagia kuku, akasema, "Aliyelelewa hapiki hivi." Mume alikuwa pale pale, akatazama kidole chake. Mwanarusi alirudi Bongwe na sanduku lake, na tangu siku hiyo akisikia neno mavyaa huinuka akaenda zake. Haya yote Luqman aliambiwa. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mamangu si huyo." Ni rahisi kusema.

Ikafika Jumapili ya kualikwa. Mamake Luqman, Bi Zainabu wa Vanga, alituma salamu kuwa anataka kumwona binti kabla wazee hawajatumwa kuposa. Luqman alitangulia kwao kumsaidia mamake kupika. Asubuhi ile Mwanarusi alivaa dera la zambarau lenye nakshi ya fedha, hina mikononi imekolea, udi hadi kwenye mtandio. Akaingia garini, akasema bismillahi, akazungusha ufunguo.

Taratibu likawaka papo hapo. Halikukohoa, halikugoma. Miezi mingapi halijafanya hivyo! Lilinguruma kama gari la waziri, na Mwanarusi akakaa pale mikono imekauka kwenye usukani, macho yake yanaona sahani, wali na kuku. Alikaa hadi udi ukaanza kumchefua. Akatoa simu.

"Luqman wangu... gari limekufa."

"Aa! Leo? Pole mpenzi. Uko wapi?"

"Niko nyumbani. Nadhani leo haliwezekani kabisa. Mwombee mama radhi."

"Usijali. Tulia hapo."

Simu ikazimwa, na pumzi ikamrudi, na pamoja na pumzi ikaja haya. Hakuweza kukaa nyumbani. Akaliendesha gari hadi Diani kuchukua vitambaa vyake kwenye ukumbi wa arusi ya jana, akazungukazunguka, na adhuhuri ilipopita akarudi Bongwe, Taratibu linateleza bila kasoro.

Mlangoni amesimama Luqman. Vumbi hadi kwenye kope. Alikuwa amepanda pikipiki kutoka Vanga, njia yote ile, na kifuani amekumbatia betri ya kuazima, ameifunga kwa kikoi isimmwagikie.

Mwanarusi alizima gari.

"Limepona?" Luqman akauliza.

"Luqman..."

"Nauliza tu. Lilikufa lini, likafufuka lini?"

Angeweza kuongeza uongo wa pili, ulikuwa tayari ulimini, lakini kwa uso ule hakuthubutu.

"Mamangu amechinja," alisema Luqman, polepole. "Ameita majirani. Watu wamenawa mikono, Mwanarusi, wamekaa wanatazama mlango. Nikawaambia kuleni, mimi naenda kumletea betri. Kama hukutaka kuja, ungesema sitaki. Neno moja tu."

Akaondoka na betri yake. Alipigiwa simu, hakushika. Aliposhika siku moja, aliuliza swali moja tu, "Gari likoje?" na Mwanarusi akalia mpaka simu ikakatika yenyewe.

Mamake Mwanarusi, Bi Mwanapili, alimvumilia siku chache za kulia, kisha akamvuta leso aliyojifunika uso.

"Basi yatosha. Unamlilia Luqman, na Luqman ni mtu mzima, atapoa. Kuna mama aliyeaibika mbele ya majirani zake. Yeye umemwomba radhi?"

"Mama, nitakwendaje? Mwanamke kumfuata mwanamume kwao! Watasema nimekwenda kujiposa."

"Kuomba radhi ndio kujiposa? Na wakisema, watachoka. Tukodi teksi, twende."

"Hapana." Mwanarusi akafuta macho. "Nimelisingizia gari la baba. Litanipeleka lilo hilo."

Wakapika usiku wa kuamkia safari, kuku wa kupaka na mkate wa sinia, na asubuhi wakasukumwa na mtaa mzima wa Bongwe. Taratibu likawaka. Likapita Msambweni, likapita mashamba ya minazi, likaiacha lami na kuingia njia ya Vanga, njia ya matope na mashimo. Bi Mwanapili alikuwa ameshika sinia mapajani akisoma kila aya aliyohifadhi. Walipoona mapaa ya kwanza ya Vanga ng'ambo ya mikoko, Mwanarusi akathubutu kutabasamu. Na hapo ndipo gari lilipotoa sauti ya mtu anayekata roho, likasimama kwenye tope.

Ufunguo, kimya. Ufunguo tena, kimya.

"Mpigie simu Luqman," mama akasema. "Si mbali, atakuja."

Mwanarusi akaanza kucheka. Alicheka hadi machozi yakamtoka, na machozi yakawa ya kweli.

"Nimwambie nini, mama? Nimwambie gari limekufa?"

Bi Mwanapili akalitua sinia kitini.

Hapakuwa na la kufanya ila moja. Mwanarusi akavua viatu, akalikunja dera na kulifunga kiunoni kwa leso, akamwambia mamake akae kwenye usukani.

"Mimi? Mie sijashika hata usukani wa baiskeli!"

"Shikilia tu, mama, na ulielekeze kwenye nyumba."

Akasukuma. Tope likampanda magotini. Mtandio ukaanguka, akaufunga upya kwa mikono ya matope. Gari la ukoo mzima si la mtu mmoja, nalo lilikwenda kwa hatua za mtoto, lakini lilikwenda. Wanawake waliokuwa wakitoka pwani na ndoo za samaki wakasimama.

"Ee binti, wageni wa nani nyinyi?"

"Wa Bi Zainabu! Ni mimi yule wa Jumapili!"

Loo! Wakatazamana. Aliyekuwa hana habari ya Jumapili ile Vanga nzima ni nani? Wawili wakaweka ndoo chini, wakaja kusukuma, si kwa huruma, bali wasikose kuona yatakayotokea. Wa tatu akakimbia mbele na habari. Gari lilipofika uani kwa Bi Zainabu, lilikuwa na msafara kuliko la bibi arusi.

Luqman alitoka kwanza. Akaona nyuma ya gari, akaona ni nani, akashuka ngazi mbio.

"Ondoka, nisukume mimi!"

"Acha," Mwanarusi akasema, pumzi zimemwishia. "Hapa ndipo nilipokuwa naja. Limeshafika."

Nyuma yake akatoka Bi Zainabu, mwanamke mfupi, mnene, leso mbili za kulingana, uso haukunjuki. Mwanarusi akamsogelea, mikono ya matope ameificha nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akalitazama gari, kisha, "Siku ile, mwanangu, hili gari lilikuwa bovu?"

Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake. Ukilitazama gari lile, hata kadhi angeamini. Angesema ndiyo, mama, lilikuwa bovu kama unavyoliona, na jamii yote ingemwonea huruma, na Luqman, aliyewaambia gari lilikuwa zima, angekuwa ndiye mwongo.

"La, mama," akasema, kwa sauti ya kusikika na wa nyuma. "Lilikuwa zuri kuliko siku zote. Mimi ndiye niliyesema uongo. Mwanao hana kosa, na gari halina kosa. Nilikuogopa wewe."

Ua mzima ukashusha pumzi.

"Unaniogopa mimi?" Bi Zainabu akajigusa kifuani. "Mimi?" Uso uliokuwa umekaza ukaanza kutetemeka. "Subhanallah. Na mimi niliyeazima sahani nyumba hii na nyumba hii, niliyemfanya Luqman apige rangi choo, ati anakuja mwanamke wa Ukunda, ana biashara yake, ana gari, atatuonaje! Usipokuja nikasema basi, amesikia choo kiko nje. Nimelia mie kwa sababu hiyo!"

"Wallahi si hivyo, mama!"

"Sasa najua si hivyo."

Mwanarusi akamgeukia Luqman.

"Sikuja kukuomba msamaha mbele ya watu ili uone haya kukataa. Ukitaka kukataa, kataa. Nitalisukuma kurudi."

Luqman alimtazama, tope, hina, jasho na yote. Aliyotaka kuyasema yalikuwa mengi, na mamake yuko pale, akayameza.

"Uogope kila kitu," akasema, "lakini usinifiche tena. Ukiogopa, niambie naogopa. Hilo nalo nitakuja kulisukuma."

"Naogopa," akasema Mwanarusi.

"Nami pia. Mama, wazee watakwenda Bongwe lini?"

"Ijumaa," akasema Bi Zainabu, "na wataenda kwa gari jingine."

Kicheko kilipasuka. Bi Mwanapili, ambaye hadi hapo alikuwa ameng'ang'ania usukani kama gari bado linakwenda, akafunguliwa mlango, akatolewa na sinia lake. Na Bi Zainabu akamshika Mwanarusi mkono, mkono ule ule wa matope, akaupandisha juu, akawageukia majirani waliokuwa wamekula ule wali wa Jumapili na kusema yao.

"Mlinong'ona hapa kwangu kuwa mwanangu amekataliwa. Nimewasikia! Haya mtazameni. Huyu amelisukuma gari zima matopeni kunifuata mimi. Kati yenu, nani ambaye mkaza mwanawe, mke wa kijana wake, aliwahi kumjia hivi?"

Mmoja wa wale wa ndoo za samaki akapiga kigelegele, wa pili akapokea, kikazunguka ua wote, na Bi Zainabu akamwingiza mkaza mwanawe ndani bila kumwambia anawe miguu.